Upendo Usiosubiri Matokeo ya Mtihani

REHEMA: Karibuni wasikilizaji. Leo tunazungumzia upendo usio na masharti, na ningependa tuanzie Uganda, kwa sababu utafiti mmoja uliowasaidia sana wataalamu kuelewa upendo wa mzazi na mtoto ulifanyika katika vijiji vya Waganda karibu na Kampala.

BARAKA: Bila shaka unamkusudia Mary Ainsworth, dada Rehema. Mwanasaikolojia huyo alifika Uganda mwaka 1954, akawa anawatembelea kina mama 26 majumbani mwao, akikaa nao sebuleni wakati wa mchana na kuwatazama wakiwalea watoto wao wachanga. Matokeo aliyachapisha katika kitabu mwaka 1967.

REHEMA: Linalonigusa zaidi ni kwamba watoto waliokuwa na uhakika na mama zao hawakuwa wale wanaowang'ang'ania kutwa nzima. Walitambaa wakaenda kuchunguza vitu, wakageuka kuhakikisha kwamba mama yupo, kisha wakaendelea na safari yao. Wasiokuwa na uhakika huo ndio waliolia mara kwa mara, hata pale walipokuwa mikononi mwa mama.

BARAKA: Na kuhusu mama zao, aliona jambo ambalo wengi wetu tusingelitazamia: mama wa watoto wenye utulivu walikuwa wepesi wa kumsimulia habari za watoto wao, mambo madogo madogo ya kila siku, bila kuulizwa sana.

REHEMA: Hapo ndipo ninapoona maana yenyewe. Anayempenda mtoto bila masharti humtazama alivyo, akamjua, wala hamlinganishi kila mara na mtoto mwingine aliyemtamani.

BARAKA: Carl Rogers, mwanasaikolojia wa Marekani, alieleza upande wa pili. Mtoto anapogundua kwamba anathaminiwa pale tu anapotimiza matakwa ya wakubwa, huanza kuzikana hisia zake mwenyewe ili asipoteze nafasi yake kwao. Ninawafikiria vijana wetu wa kidato cha nne. Yuko kijana ambaye matokeo yakitangazwa hawazi kwanza atasoma wapi, bali anawaza atamtazamaje baba yake, na hilo linaniumiza kweli.

REHEMA: Hata hivyo, kaka Baraka, kuna mzazi anayetusikiliza sasa hivi na kusema kwamba akipenda hivyo atamdekeza mtoto.

BARAKA: Hofu hiyo ninaielewa, lakini kumkubali mtu si kuridhia kila analolitenda. Mtoto akiiba, arudishe alichoiba, aombe radhi na aadhibiwe kwa kiasi. Kinachovunja ni kumwambia, «Wewe si mwanangu tena», kwa kuwa maneno hayo yanaliacha kosa na kumshambulia mtoto mwenyewe.

REHEMA: Niongeze mpaka mmoja, maana neno hili, upendo usio na masharti, hutumiwa vibaya katika ndoa. Mke anayepigwa hadaiwi uvumilivu kwa jina la upendo, na anayo haki ya kuondoka na kutafuta usalama. Mtoto mchanga ni habari nyingine, kwa sababu hakuchagua kuzaliwa wala hana cha kulipa, na ndiyo maana deni lote liko kwa mzazi.

BARAKA: Basi mzazi afanye nini siku ile simu inapomwonyesha kwamba mwanawe amepata daraja sifuri?

REHEMA: Amwite kwa jina lile lile analomwita siku zote, wale chakula cha jioni pamoja, na asiwapigie ndugu simu za kulalamika huku mtoto akisikia. Uchungu wake mwenyewe, ambao ni halali, amweleze mwenzake faraghani. Kesho yake, wote wakiwa wametulia, wakae na kijana wamsikilize kwanza yeye anataka nini: arudie mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea, au aende VETA akasomee ufundi anaoupenda, na baada ya hapo waanze kupanga ada.