Taneli haimzuii mtu

Asanteni, kaeni. Mambo ya lebo za MPLS, vibandiko vinavyoiambia ruta ipeleke pakiti wapi, mmeyasoma chuoni, siyarudii. Nimekuja na lile lile langu, na waliokwishalisikia watanivumilia: taneli ya MPLS, njia unayoichora mwenyewe juu ya mtandao, haimtengei mteja uwezo wa linki. Inauandika tu.

Chukulia hapa Mwanza tuna njia mbili za mtandao za kwenda Dar: moja inashuka Shinyanga na Dodoma, nyingine inazunguka Musoma na Arusha. Kijana anafungua ruta, anaunda taneli ya kupitia Musoma, anaweka megabiti 200. RSVP, itifaki ya kuomba nafasi, inatuma ujumbe wa kuomba njia hadi mwisho, jibu linarudi na lebo ruta kwa ruta, kila moja inatoa 200 kwenye hesabu yake. Taneli imesimama, iko tayari. Kijana anapiga simu: "Mkuu, mteja nimemtengea 200 zake."

Umemtengea wapi? Akisukuma 600 na linki ina nafasi, zinapita 600! Zile 200 ni za kuamulia taneli nyingine ikubaliwe au ikataliwe, basi. Ni sawa na aliyekata tiketi moja ya meli ya Bukoba akapanda na shemeji zake watano; orodha ya abiria inasoma mmoja. Ukitaka kumbana, weka kikomo cha kasi pale mzigo unapoingia, na QoS, yaani foleni za kipaumbele, kwenye kila linki. Hiyo ndiyo kazi inayokwepwa.

Na hesabu yenyewe mnaijaza hovyo. Kwenye IOS, programu ya ruta za Cisco, andika amri ya ip rsvp bandwidth bila namba, ruta inajichukulia asilimia 75 ya intafeisi. Sasa umekodi saketi ya gigabiti 1, imeletwa kwenye poti ya gigabiti 10. Usipoiambia, ruta inaamini ina 7.5 za kugawa. Itagawa, tena kwa roho safi.

Kuna anayetaka kuniambia tupandishe gharama ya linki ya Shinyanga kwenye OSPF, itifaki inayochagua njia yenye gharama ndogo, yaishe. Pandisha! Uone mji mzima unavyohamia Musoma kwa mpigo.

Mwingine atasema ipo huduma ya kupima mzigo na kurekebisha taneli yenyewe. Ipo. Kwenye IOS, usipoigusa, inarekebisha kila baada ya saa 24. Msongamano wa saa mbili usiku uisubiri mpaka kesho?

Naona mwenyekiti anatazama saa. Haraka haraka: taneli ni ya upande mmoja, ya kurudi inaundwa kule ng'ambo. Usipoweka amri ya autoroute announce au ruti ya mkono ya kuingiza mzigo ndani yake, itasimama wima bila kubeba hata pakiti moja. Njia ya akiba ya linki inapokatika, ile ya kiwango cha RFC 4090, ilitaka siku yake.

Maswali. La segment routing, ambamo njia inaandikwa kwenye pakiti yenyewe, nalijua linakuja: kule ruta za njiani hazitunzi hata hiyo hesabu.