Mbegu Baadaye, Kwanza Udongo

Ndugu zangu, nashukuru kwa kuitikia mwaliko. Naona wengine mmekuja na pakiti za mbegu mkononi. Ziwekeni mfukoni kwanza. Kila ninaposimama mbele ya watu wanaotaka kuanza bustani ya mboga nyuma ya nyumba, swali la kwanza huwa, "Nipande nini?" Na mimi hurudisha lilelile: udongo wako umeshaushika?

Kuushika hasa. Chota konzi moja ya udongo wenye unyevu, ufinye, kisha fungua kiganja. Ukimomonyoka wote papo hapo, huo ni wa kichanga: maji yatapita na virutubisho vitafuatana nayo. Ukibaki donge, ugonge kidogo kwa kidole. Ukiachana vipande vipande, shukuru Mungu. Ukigoma, tena ukaweza kuusokota ukawa uzi mrefu, huo ni udongo wa mfinyanzi, na hapo maji yatatuama na mizizi ikose hewa. Ndiyo, mizizi inahitaji hewa! Mmea unaokufa kwa maji mengi hunyauka vilevile kama wenye kiu, na mwenye bustani akiuona hukimbilia keni akauongezea maji. Inaniuma kila nikiona.

Halafu chimba shimo la kina cha sentimita 30. Lijaze maji, yaache yaishe, lijaze tena. Hayo ya pili ndiyo ya kupima. Yakishuka sentimita 2 hadi 5 kwa saa, pako vizuri. Ukiyakuta kesho yake, inua tuta au hamia upande mwingine wa uwanja.

Sasa, tiba ya kichanga na tiba ya mfinyanzi ni moja, nayo ni mboji, yaani mbolea ya majani na maganda yaliyooza. Kwenye kichanga inashika maji, kwenye mfinyanzi inafungua njia. Hapa ndipo watu huanza kunibishia. "Si nichanganye tu mchanga kwenye mfinyanzi wangu?" Hapana, hapana. Mchanga kidogo ndani ya mfinyanzi unaweza kukuachia tuta gumu kuliko ulilokuwa nalo. "Basi nitanunua mbolea ya chumvichumvi." Sikukatazi, lakini mbolea hiyo inalisha mmea; udongo wenyewe unabaki vilevile, na msimu ujao utarudi kununua tena.

Na mboji haihitaji fedha. Maganda ya jikoni na majani mabichi sehemu moja, majani makavu sehemu mbili au tatu, kwa safu. Unyevu wake uwe wa sponji iliyokamuliwa. Geuza mara kwa mara. Ikianza kunuka, usiitupe: imekosa hewa au mabichi yamezidi, kwa hiyo ongeza makavu ugeuze tena. Nyama na mafuta usitie, utaita panya. Imeiva ikiwa nyeusi, inanukia udongo uliopata mvua, na huwezi tena kutambua ganda ni lipi na jani ni lipi. Samadi mbichi nayo usiipeleke moja kwa moja kwenye mboga. Inaunguza mizizi, na ina vimelea vya kukuumiza wewe mlaji. Iozeshwe kwanza.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Naomba dakika chache.

Upana wa tuta usizidi mita 1.2, ili mkono ufike katikati kutoka pande zote mbili. Sababu ni kwamba udongo ukishautifua, hutakiwi kuukanyaga tena. Mtu anahangaika na jembe asubuhi nzima, jioni anapita katikati ya tuta na viatu vyake akimwagilia! Kazi yote imeshindiliwa chini.

Mengine nayataja tu. Chagua mahali penye jua saa zisizopungua 6 kwa siku. Anza na tuta moja. Matano yatakushinda magugu. Mbegu ifukiwe kina cha mara mbili au tatu ya unene wake. Karoti haipendi kuhamishwa, ipande palepale itakapokua. Nyanya anzia kitaluni. Figili na maharage hazimsumbui anayeanza, na figili nyingi huwa tayari ndani ya mwezi mmoja tu. Mwagilia asubuhi, kwenye shina, maji yazame chini. Weka matandazo, yaani majani makavu ya kufunika udongo, unene wa sentimita 5 hadi 8, yasiguse shina. Kagua majani upande wa chini, vidukari, wale wadudu wadogo wanaofyonza mmea, hujificha huko. Nyanya, biringanya, pilipili na viazi mviringo ni ukoo mmoja na huambukizana magonjwa, kwa hiyo visifuatane msimu baada ya msimu kwenye tuta moja.

Nilikuwa nimeandaa pia habari za kupogolea nyanya, lakini muda umekwisha. Yule ndugu aliyenyoosha mkono tangu nilipotaja mchanga, karibu, uliza.