Maji Yalifika Wapi? Mipango ya Mafuriko katika Bonde la Msimbazi

Waheshimiwa wenyeviti wa serikali za mitaa, ndugu wanafunzi na wakazi wenzangu,

Mto Msimbazi huanzia katika vilima vya Pugu na Kisarawe, hulikata jiji letu la Dar es Salaam na kuingia baharini karibu na Daraja la Salenda. Kwa hiyo mvua ikinyesha huko vilimani, mkazi wa Jangwani, chini bondeni, huweza kuamka maji yako chini ya kitanda, hali kwake halijadondoka hata tone. Tahadhari za Mamlaka ya Hali ya Hewa ni za lazima, lakini hutaja mkoa, ilhali mkazi anauliza habari za uchochoro wake.

Habari za uchochoro wanazo wenyewe. Ukiingia katika nyumba za bondeni utauona mstari wa tope ukutani, usawa wa kifua, ambao chokaa haijaufuta. Utaona tuta la saruji mlangoni na vitanda vilivyoinuliwa kwa matofali. Mradi wa Ramani Huria, ulioanza mwaka 2015, uliwatuma wanafunzi wa vyuo vikuu wakachore mitaro, njia na nyumba pamoja na wakazi. Ramani zile ni nzuri, ila mimi nathamini zaidi swali waliloulizwa wenyeji: maji yalifika wapi?

Lipo swali gumu zaidi. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya 40, na baadhi ya waathirika wakapewa viwanja Mabwepande, kaskazini kabisa mwa jiji. Wapo waliorudi bondeni, nasi tuliokaa vilimani tukawaita wakaidi. Sikubaliani na neno hilo. Mchuuzi aliyezoea kwenda Kariakoo kwa miguu alfajiri, ukimhamishia Mabwepande, nauli inakula faida kabla hajauza nyanya moja. Mpango unaopima kina cha maji na kusahau nauli haujakamilika, hata kama sheria ya mazingira ya mwaka 2004, inayozuia ujenzi ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, iko upande wake.

Kwa wanaobaki, kamati ya maafa ya mtaa ikutane kabla ya masika ya Machi. Iwaandike wazee wasioweza kutembea na majirani watakaowabeba, imjue anayeshika funguo za madarasa ya shule iliyo mwinukoni, na imteue mtu wa Pugu atakayepiga simu usiku wa manane, mto unapoanza kubadilika rangi.