Jinsi ya Kufunga Kishada cha Maua cha Mkononi kwa Mtindo wa Enzi ya Malkia Victoria

Karibuni, watazamaji. Katika video hii tutafunga kishada kidogo cha maua cha kushikwa mkononi, cha aina waliyobeba wanawake wa tabaka la juu nchini Uingereza wakati wa utawala wa Malkia Victoria, kuanzia mwaka 1837 hadi 1901. Tayarisheni waridi moja lililoanza kuchanua, maua madogo ya rangi mbili, majani yenye harufu, uzi wa pamba, utepe, mkasi na karatasi ya lesi ya duara, ile inayotandikwa chini ya keki.

Tuanze na majani, kwa kuwa kishada hiki kilikuwa kinga ya pua kabla ya kuwa pambo. Kwa karne nyingi watu wa Ulaya waliamini kwamba maradhi huletwa na hewa chafu, hivyo mtu aliyepita penye uvundo alinusa kishada chake. Mwaka 1750 homa ya magereza, ambayo leo tunajua kuwa huenezwa na chawa, ilizuka katika mahakama ya Old Bailey mjini London na kuua makumi ya watu, wakiwemo Meya wa jiji na majaji wawili. Baada ya hapo majaji walizoea kuingia mahakamani na vishada vya mimea yenye harufu, na desturi hiyo ingali inafuatwa huko katika siku maalumu. Chagueni rozmeri au lavenda. Asiyezipata atumie rehani au nanaa. Kateni vikonyo viwe na urefu wa sentimita 15 hivi, kisha ondoeni majani yote ya chini ili yasioze.

Hatua ya pili ni kupanga. Shikeni waridi katikati, lizungushieni maua ya rangi ya kwanza, kisha ya rangi ya pili, na mwisho majani, huku mkikigeuza kishada kidogo kidogo mkononi ili duara lisiegemee upande mmoja. Enzi za Victoria kila ua lilipewa maana: waridi jekundu lilikuwa mapenzi, rozmeri kumbukumbu, na mhadasi, kichaka chenye maua madogo meupe, ndoa. Orodha za maana hizo zilienea baada ya kitabu kilichochapishwa Paris mwaka 1819, lakini vitabu vilivyofuata havikukubaliana, na kwa maoni yangu mtu aliyetegemea ua peke yake kupeleka posa alijitafutia matatizo. Mhadasi, hata hivyo, ulipata hadhi ya kudumu: mwaka 1845 Victoria alipewa na bibi wa mumewe, Albert, kishada chenye tawi la mmea huo, likapandwa Osborne House, makazi yao ya mapumziko katika Kisiwa cha Wight, na tangu binti yake alipoolewa mwaka 1858 maharusi wa ukoo huo wa kifalme wamekuwa wakibeba mhadasi.

Hatua ya tatu, fungeni uzi mara kadhaa mahali vikonyo vinapokutana, bila kuvibana hadi vikapondeka. Toboeni karatasi ya lesi katikati, ipitisheni chini ya maua, kisha zungushieni vikonyo pamba yenye maji, plastiki nyembamba na utepe. Plastiki hiyo inafanya kazi iliyofanywa zamani na kishikio cha fedha, dhahabu au pembe ya ndovu, ambacho kilizuia unyevu usichafue glovu. Kishikio kilikuwa na pini ya kubana vikonyo, pamoja na mnyororo wenye pete ya kuvaa kidoleni, ili mwanamke aweze kucheza dansi huku maua yakining'inia. Vingine vilikuwa na miguu mitatu iliyofunguka, vikasimama mezani wakati wa chakula. Ufundi huo ndio unaonivutia kuliko maua yenyewe.

Kwa kuwa sisi hatuna mnyororo, acheni kitanzi cha utepe kinachotosha kidole kimoja. Kishada kikikamilika, kinyunyizieni maji kidogo na kukiweka mahali pa baridi hadi wakati wa kutoka, na kabla ya kukibeba hakikisheni kwamba pamba bado ina unyevu.