Hewa Ndani ya Kishikio cha Sufuria

Shikamooni mama zangu, na wadogo zangu hamjambo.

Nimeombwa niseme juu ya mapambo ya jikoni tunayoshona kwa cherehani: vishikio vya sufuria, vifuniko vya birika, vitandiko vya kuwekea sahani. Nitakaa zaidi kwenye kishikio, maana hicho ndicho kinachokutana na moto. Ukikiweza, hivyo vingine havitakushinda.

Hiki hapa kipitisheni mkono kwa mkono. Kwa mbele ni kitenge cha kijani, kinapendeza mpaka leo. Sasa kigeuzeni. Pale katikati pameungua, pamekuwa pagumu kama gamba. Nilimshonea jirani yangu, ndani nikatia ile pamba nyeupe ya mito, ambayo kwa kweli ni poliesta. Alikuwa anaoka mkate wa kumimina, kapalia makaa juu ya mfuniko. Alipoufunua, poliesta ikayeyuka, ikapenya kitambaa, ikamganda vidole viwili. Nimekitunza makusudi, na kila ninapofundisha ninakuja nacho.

Poliesta inayeyuka ikifika kama nyuzijoto 250, na bati lililobeba makaa linafika huko bila shida. Pamba haiyeyuki. Itababuka, itatoa harufu, utapata nafasi ya kutua ulichobeba. Basi kabla hujakata kitambaa chochote cha jikoni, chomoa nyuzi mbili uziwashe kwa kiberiti juu ya kisahani. Pamba inanuka karatasi iliyoungua na kuacha jivu laini. Poliesta inajikunja na kuacha kidonge cheusi kigumu. Usimwamini muuza duka, amini kidonge.

Ndani tutie nini? Taulo kuukuu la pamba, tabaka mbili. Vile vijinyuzi vya taulo vinashika hewa, na hewa iliyotulia ndiyo inayozuia joto lisifike mkononi. Ndiyo maana kishikio kilicholowa ni hatari: maji yamekaa mahali pa hewa, na maji hupitisha joto upesi.

Hapo ndipo wengi wetu tunapoharibu kwa kupenda urembo. Tunapiga mistari ya cherehani karibu karibu, maua juu ya maua, mpaka kishikio kinakuwa bapa kama kadibodi. Kila mstari unabana hewa. Mimi naacha vidole viwili kati ya mstari na mstari. Mistari ikikaa hivyo, matabaka hayahami yakifuliwa, na vile vimraba vinatuna vizuri. Urembo wenyewe ndio huo.

Kazi ianzie katikati, iende nje. Ukianzia pembeni, kitambaa cha juu kinasukumwa na mguu wa cherehani, unafika upande wa pili una mkunjo usiofutika. Cherehani zetu nyeusi zina skurubu pale juu ya nguzo ya mguu. Ilegeze kidogo ili mguu usikandamize matabaka. Sindano namba 16, mshono mrefu, kama mishono 8 kwa inchi. Na ukitaka kishikio cha inchi 8, kata inchi 9, kwa sababu mistari itakivuta kiwe kidogo. Utakipunguza mwishoni.

Kuhusu kanga. Mimi napenda kanga kuukuu kuliko mpya, kwa sababu imeshafuliwa mara nyingi: imeshaywea, rangi imeshatoka, wanga umeisha. Mpya ni lazima uiloweke kwanza, hasa nyekundu, la sivyo itaupaka rangi upande wa chini siku ya kwanza ya kufuliwa. Pindo linafaa vitandiko virefu, mji, ile sehemu ya katikati, unafaa vishikio. Jina, yale maandishi ya kanga, usilikate. Naomba sana. Nimeona kitandiko kimeandikwa "Mgeni njoo mwen…" halafu mkasi umepita. Yule mwenyeji anayetakiwa apone kaachwa kwenye takataka. Kama jina ni refu kuliko kishikio, lipe kitandiko cha ukutani au lipitishe kwenye kifuniko cha birika, lizunguke kiunoni mwake, anayemimina chai alisome taratibu.

Mwisho ni ukanda wa kuzungushia ukingo. Ukate mshazari, upana wa inchi 2. Uliokatwa mshazari unavutika, unapinda kwenye kona bila kukunjamana. Uliokatwa wima utakusumbua kona zote nne. Kitanzi cha kutundikia kishone ndani ya ukanda huo huo, urudie mara tatu, maana ndicho kinachovutwa kila siku.

Sasa sogezeni viti kwenye cherehani, na kila mmoja aje na nyuzi mbili alizochomoa kwenye kitambaa chake. Kiberiti ninacho.