Sindano Mbili, Si Moja: Kumuaga Mbwa Bila Maumivu

Ndugu zangu mnaofuga mbwa, na ninyi maofisa mifugo mliokaa huku nyuma, karibuni. Leo nazungumzia kumuua kwa huruma mbwa asiye na nafuu tena. Mbwa huyo akifa kwa tabu mikononi mwa daktari, mara nyingi dawa haina kosa. Kosa ni haraka: sindano ya kwanza imerukwa.

Kabla ya sindano yoyote, ulizeni jambo moja: je, mbwa huyu amemng'ata mtu ndani ya siku 10 zilizopita? Ikiwa ndiyo, ofisi ya mifugo ipewe taarifa kwanza, maana ubongo wake huenda ukahitajika kupimwa kichaa cha mbwa.

Wengi huuliza wakati wa kumuaga ni upi. Daktari Alice Villalobos wa Marekani alitunga mizani ya mambo 7: maumivu, kula, maji, usafi, furaha, kutembea, na kama siku njema zinazidi mbaya. Kila moja hupewa alama 0 hadi 10, na jumla ikizidi 35 maisha bado yanavumilika. Ni mizani nzuri, lakini mbwa anayehangaika kuvuta pumzi asingojeshwe hesabu.

Sasa sindano. Ya kwanza ni ya usingizi, kwenye msuli wa paja, mbwa akiwa juu ya mkeka wake na mwenyewe amemshika kichwa. Ngojeni dakika 10 hadi 20, redio imezimwa. Zailazini, dawa ya usingizi iliyozoeleka kwa madaktari wetu, hutapisha mbwa, kwa hiyo msimshindilie nyama asubuhi ile. Vipande viwili vitatu vinamtosha. Kisha mfinye kwa nguvu kati ya vidole vya mguu. Akiuvuta, bado anahisi, na ya pili isubiri.

Ya pili ni pentobabitali, dawa ya jamii ya nusu kaputi, inayotolewa kupita kiasi. Daktari tu ndiye wa kuishika. Huzima ubongo kwanza, halafu pumzi, mwisho moyo, kwa kawaida ndani ya dakika chache. Nyoa manyoya ya mguu wa mbele, weka kanula, yaani kimrija cha kupitishia dawa mshipani, ibane kwa plasta, ijaribu kwa mililita chache za maji ya chumvi. Hapa ndipo mambo huharibika. Mbwa mzee, au aliyekaukiwa maji, mishipa yake imelala. Sindano hutoboa upande wa pili, dawa ikamwagika nje ya mshipa. Ina magadi makali, inaunguza. Ukiona uvimbe acha papo hapo, uhamie mguu mwingine. Kumchoma moyoni ni pale tu alipokwisha kuzama kabisa kwenye usingizi wa nusu kaputi.

Kuna wanaotumia kloridi ya potasiamu kwa mbwa aliye macho, kwa kuwa ni rahisi kupatikana. Moyo unasimama naye anajua. Sumu ya striknini kwenye nyama ni mbaya zaidi: misuli inakakamaa akili ikiwa timamu. Vyote viwili ni ukatili, hata kama nia ilikuwa huruma.

Mwenye mbwa aambiwe mapema kwamba macho hayatafumba, mkojo unaweza kutoka, na pengine atahema mara mbili tatu au misuli ikatetemeka baada ya ubongo kuzima. Asiyeambiwa hudhani mbwa wake amefufuka akiwa na maumivu. Daktari asikilize moyo kwa stetoskopu, ukimya uwe wa dakika 5 kamili, kisha aguse mboni ya jicho, isipepese.

Mzoga una dawa bado, nayo hukaa muda mrefu. Fisi, tumbusi au mbwa wa jirani akifukua na kula, naye anaweza kufa. Basi shimo liwe refu, udongo juu yake usipungue mita 1, mbali na kisima. Matambara yaliyolowa yafukiwe humohumo. Sindano na kanula daktari aondoke nazo.