Drili, dirisha na barakoa: kujikinga katika kliniki ya meno

Mhadhara uliotolewa Busia, upande wa Uganda, mbele ya wahudumu wa kliniki za meno wa pande zote mbili za mpaka.

Asanteni. Kaeni, kaeni. Walio nyuma sogeeni mbele, nafasi ipo. Na wewe kijana uliye karibu na dirisha, hebu lifungue. Hilo dirisha ni sehemu ya mhadhara, tutalirudia.

Nianze na taya la mbuzi.

Mgonjwa wa kwanza wa korona alitangazwa Uganda tarehe 21 Machi 2020. Wiki chache baadaye kliniki yangu ilikuwa wazi nusu, imefungwa nusu: tulipokea wenye uvimbe na maumivu yasiyolalika tu. Jumapili moja nikamwomba jirani yangu mwenye bucha anipe taya la mbuzi lenye meno yake. Nikalifunga kwenye kiti, pale kichwa cha mgonjwa hukaa. Katika chupa ya maji ya kiti nikatia rangi nyekundu, ile ya keki. Mimi na msaidizi wangu tukavaa makoti meupe, tukatoboa jino moja kwa drili ya kasi kwa dakika kumi, kama tunavyofanya siku zote.

Kifuani nilitarajia madoa, na kwenye taa pia. Sikutarajia kuyakuta ndani ya kola. Sikutarajia nyuma ya sikio la msaidizi, wala kwenye faili la mgonjwa aliyetibiwa juzi, wala kwenye simu yangu iliyokuwa juu ya kabati. Kulikuwa na kikombe cha chai karibu na sinki, kimefunikwa nusu. Kwenye ukingo wake, doa moja dogo kama kichwa cha pini. Ile chai tuliimwaga bila kuambiana neno.

Na hayo ni yale ambayo jicho linayaona. Drili ya hewa huzunguka zaidi ya mara 300,000 kwa dakika. Bila maji joto lake lingeua mshipa wa jino, kwa hiyo tunaimwagia maji, na yale maji yakigonga ncha inayozunguka hupasuka pamoja na mate, damu na unga wa jino. Matone makubwa huanguka hapohapo. Madogo kabisa, tunayoyaita erosoli, huelea. Mgonjwa anashuka kitini, anakuaga, anafunga mlango, na alichokipumua bado kimo chumbani. Mashine ya kukwangua ugaga ni hivyohivyo, pengine zaidi. Lakini koleo la kung'olea jino halirushi wingu lolote. Shikeni hilo.

Sasa, kila ninapokwenda naulizwa: "Musawo, tuvae nini?" Musawo ni daktari, kwa Kiganda. Swali zuri, ila kwangu ni la nne. La kwanza: je, kuna haja ya kulitengeneza hilo wingu? La pili: likitengenezwa, naweza kulinasa kabla halijatoka mdomoni? La tatu: likitoka, litakwenda wapi? Ukishayajibu hayo ndipo uulize habari ya nguo. Mwaka 2020 sote tulianza na nguo. Nilimwona mwenzangu mmoja amevaa kama mtu anayekwenda mwezini, yumo katika chumba kisicho na dirisha, anakwangua ugaga wa mtu asiye na haraka yoyote.

Swali la kwanza basi. Agosti 2020 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba penye maambukizi mengi katika jamii, huduma za meno zisizo za dharura zisubiri. Ushauri ulikuwa na maana, ila wengine waliutafsiri kuwa ni kufunga mlango na kwenda kulima. Mlango ukifungwa, jino halifungi. Mnakumbuka magari binafsi yalivyopigwa marufuku mwisho wa Machi, na bodaboda kubeba mizigo tu? Ili umpeleke mgonjwa hospitali kwa gari ulihitaji ruhusa ya RDC, yaani mkuu wa wilaya. Nililetewa mama mmoja, uvimbe umeanzia gego la chini, umeshuka chini ya taya pande zote mbili, ulimi umenyanyuka, hawezi kumeza hata mate yake. Siku mbili familia ilikuwa ikihangaikia karatasi. Uvimbe wa namna ile huziba koo. Tulimwahi, alhamdulillahi, akapelekwa hospitali kubwa akafunguliwa usaha. Kwa hiyo nikisema "usitengeneze wingu" simaanishi "usitibu".

Namaanisha tibu kwa mkono. Na hapa niwakumbushe kitu chetu. Katikati ya miaka ya 1980, pale Dar es Salaam, mtaalamu Mholanzi Jo Frencken na wenzake chuoni walikuwa wakitafuta namna ya kuziba meno vijijini kusikokuwa na umeme. Wakaacha drili kabisa. Walichimba uozo kwa vyombo vya mkono, wakajaza kwa simenti inayoshika jino yenyewe; baadaye simenti ya glasi ayonoma ndiyo ikawa ya njia hii. Mwaka 1994, Siku ya Afya Duniani, njia hiyo ikapelekwa jukwaani Geneva. Wakubwa wengi waliipokea kama tiba ya maskini. Korona ilipoingia, wakubwa haohao wakaambiwa kwamba njia isiyorusha erosoli ndiyo ya kutumia inapowezekana. Mwaka 2021 glasi ayonoma ikaingizwa katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, pamoja na ile dawa ya madini ya fedha na floridi inayosimamisha uozo kwa kupakwa tu. Jino linageuka jeusi, ndiyo, na mama wa mtoto lazima aambiwe kabla hujampaka. Nimeshatukanwa kwa kusahau kumwambia. Lakini hakuna drili, hakuna sindano, hakuna wingu.

Pale ambapo drili haikwepeki, nasa. Bomba kubwa la kufyonza, siyo kile kimrija cha mate kinachoning'inia mdomoni kikipiga kelele. Lishikwe na msaidizi, mdomo wake ukae sentimita moja hivi kutoka kwenye jino, lifuate drili kama mkia. Likishikwa vizuri linapunguza sehemu kubwa sana ya kinachoruka. Likishikwa na mtu anayeangalia simu ni mapambo. Weka na ile shuka nyembamba ya mpira inayoliacha jino moja tu nje. Ilibuniwa New York mwaka 1864 na daktari aliyechoshwa na mate, na mpaka leo kuna kliniki ambazo boksi lake halijafunguliwa. Kusukutua kabla ya kazi kwa povidoni ayodini iliyozimuliwa au haidrojeni peroksaidi ya asilimia 1 ni vyema, hupunguza vijidudu mdomoni kwa muda. Msiifanye hirizi.

Haya, dirisha. Chumba ambacho hewa yake hubadilika mara 6 kwa saa huchukua dakika 46 kusafisha asilimia 99 ya kinachoelea. Ikibadilika mara 12, dakika 23. Isipobadilika, unamkaribisha mgonjwa wa pili katika pumzi ya wa kwanza. Na kiyoyozi kile cha ukutani, jamani, hakileti hewa mpya. Kinaizungusha ileile na kuipoza. Nimeingia kliniki moja, siitaji, wamefunga madirisha yote ili baridi isitoke, halafu mlangoni kuna mlinzi anapima watu joto kwa kifaa cha kipajini. Hewa iingie upande wa mgongo wako, ipite kwa mgonjwa, itoke upande wa pili. Ukiweza kugeuza kiti, kigeuze. Haigharimu kitu ila fundi bomba.

Sasa ndiyo nguo.

Barakoa ya kitambaa ni ya sokoni. Ile ya bluu ya upasuaji huzuia matone, lakini mashavuni iko wazi. Kwa drili unataka N95 au FFP2. N95 hunasa angalau asilimia 95 ya chembe zilizo ngumu zaidi kunaswa, na siri yake siyo unene. Nyuzi zake za plastiki zimetiwa umeme tuli, zinavuta chembe kama kitana kilichosuguliwa kinavyovuta vipande vya karatasi. Ubunifu huo unatokana na kazi ya Peter Tsai, mhandisi mzaliwa wa Taiwan aliyekuwa Chuo Kikuu cha Tennessee. Korona ilimkuta ameshastaafu, akarudi kazini kutafuta namna ya kuzitumia tena bila kuziharibu. Kwa hiyo ukiifua kwa sabuni au ukiipulizia spiriti, ule umeme unatoweka. Barakoa inabaki na sura, roho imetoka. Kama ni lazima kurudia, kuwa na tano, kila moja katika mfuko wake wa karatasi, moja kwa siku, mpaka mzunguko urudi. Mfuko wa plastiki hapana, unatunza unyevu.

Wenye ndevu mtanisamehe. Barakoa hiyo hukaa kwenye ngozi, haikai kwenye nywele. Simwambii mtu anyoe; namwambia kazi ya drili ampe mwenzake, yeye ang'oe.

Macho. Desemba 2000 tulimpoteza Dkt. Matthew Lukwiya wa Hospitali ya Lacor, Gulu, mtu aliyesimama mbele kabisa kuitambua na kupambana na Ebola iliyoua zaidi ya watu 200 kule kaskazini. Inasimuliwa kwamba usiku mmoja aliitwa haraka kumsaidia muuguzi mgonjwa. Akavaa gauni, glavu, barakoa. Macho yakabaki wazi. Sisi hukaa inchi chache kutoka mdomo wa mtu, kisha tunasema miwani inaleta ukungu. Paka sabuni kidogo ndani ya kioo, futa, ukungu utapungua. Na msifikiri Ebola ni ya wodini. Ilipotangazwa tena Mubende, Septemba 2022, niliwaambia wangu: fizi zinazotoka damu zinaweza kuwaleta watu kwetu kwanza. Muulize mgonjwa mlangoni kama ana homa, ametoka wapi, amehudhuria msiba wa nani. Muulize kwa upole, siyo kama askari wa kituo cha mpakani.

Nawasimulia aibu yangu. Juni 2021, wimbi la pili, nimefanya kila kitu sawasawa asubuhi nzima. Saa saba mchana nimemaliza kazi, simu inaita mfukoni, ni mama yangu. Nikaivuta barakoa chini kwa kidole cha glavu ileile ili nizungumze. Sekunde mbili tu. Sijui kama nilipata pale au sokoni, lakini siku ya tano nilikuwa kitandani. Mtu hujichafua zaidi wakati wa kuvua, maana amechoka na akili imeshatoka nje. Glavu kwanza, kwa kuzigeuza ndani nje. Miwani, ukishika pembeni. Gauni, ukilikunja uso wake ndani. Barakoa mwisho, ukiwa umetoka chumbani, kwa kamba za nyuma. Na mikono unanawa katikati na mwisho. Kuvaa hata mtoto anaweza.

Vyombo nitavipita haraka, ila mambo mawili yananikera. La kwanza ni jiki. Ya asilimia 3.5 ukichanganya kopo moja na makopo sita ya maji unapata asilimia 0.5, ya kufutia damu na sehemu zilizochafuka. Changanya kila siku, usiiache juani. Siyo bafu la kulalia koleo. Msaidizi wangu aliyaacha usiku kucha, asubuhi yametoka kutu kama jembe. La pili ni kichwa cha drili kufutwa kwa spiriti kisha kuingizwa mdomo mwingine. Drili ikisimama hufyonza mate kurudi ndani. Spiriti inafuta nje tu. Kichwa hicho kinaingia kwenye otoklevu, ile mashine ya mvuke ya kuua vijidudu, nyuzi 134 kwa dakika tatu au zaidi, au 121 kwa robo saa au zaidi, na dakika huhesabiwa baada ya joto kufika. Umeme ukikatika katikati, unaanza upya. Ndiyo, upya. Na kama kliniki ilifungwa wiki kadhaa, maji yaliyolala kwenye mirija yameshaota utelezi. Yaachie yatiririke kabla hujamgusa mtu, na kila asubuhi dakika mbili.

Nimebakiza muda wa swali moja. Ndiyo, dada.

Anauliza: "Musawo, nina chumba kimoja, dirisha moja, na pesa ya kununua kitu kimoja mwezi huu. Ninunue nini?"

Chanjo ya homa ya ini B umemaliza dozi zote tatu? Mbili? Basi ya tatu kwanza, nenda kesho. Ukitoka huko nunua feni, siyo suti. Iweke dirishani, uso wake uangalie nje, mlango uache wazi kidogo upande wa pili ili hewa ifuate. Washa kijiti cha udi karibu na kiti, uangalie moshi unakwenda wapi. Ukienda dirishani, sawa. Ukikujia usoni, geuza kiti.

Sasa simameni. Ndoo ya maji na sabuni iko pale mlangoni, glavu ziko mezani, na nimeleta tena ile rangi nyekundu. Tutapaka glavu, kisha kila mtu avue, tuone nani atatoka na madoa mikononi.